Gari Lililokuwa Likisimama Kuswali

Kila tukifungua shule, wasichana wa bwenini huniuliza, "Talaso, hii sweta yako iko na harufu gani?" Nami husema sijui. Najua sana. Ni moshi wa ejersa, ule mzeituni wa porini ambao Mama huchoma vijiti vyake kufukizia mitungi ya maziwa ya ngamia. Moshi huo umeingia kwenye mapazia yetu, kwenye magodoro, hata kwenye vitabu vyangu, na nikiwa shuleni hulala nimejifunika uso kwa mkono wa sweta ili niusikie. Hayo siwezi kuwaambia. Kwanza naona haya. Halafu nikianza kueleza moshi itabidi nieleze na gari, na nikifika kwenye gari sitanyamaza, na mimi si mtu wa kuongea mbele ya watu. Kwa hivyo naandika.

Nilikuwa mdogo, wa kuketi katikati ya kiti cha mbele miguu ikining'inia. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli ambayo hakuna aliyekumbuka ilitoka kiwandani na rangi gani. Sisi tuliijua ya kijivu. Aliipa jina Dalacha, vile Waborana humwita ng'ombe wa kijivu, na alimsema kama anavyosemwa ng'ombe: Dalacha ameamkaje, Dalacha leo ana hasira. Alfajiri alikuwa akitoka Isiolo na mitungi mitupu ya plastiki, anaelekea upande wa Kinna, ambako akina mama wa manyatta walimletea maziwa yaliyokamuliwa asubuhi hiyo. Kisha anakimbia kurudi ili yafike sokoni kwa Mama kabla jua halijayashika. Kukimbia ndiyo kazi yenyewe. Maziwa ya ngamia huvumilia kuliko ya ng'ombe, lakini ukiyasimamisha juani ndani ya plastiki, na yenyewe huchoka.

Likizo ile nilienda naye karibu kila safari. Mama alisema nakaa ndani sana, sina rafiki, heri nikapigwe na upepo. Sikubisha. Ndani ya Dalacha hakuna aliyenilazimisha kuongea. Baba naye ni mtu wa maneno machache, na sisi wawili tuliweza kwenda mpaka mji unaofuata tukiwa tumesemezana kuhusu mbuni mmoja tu.

Mambo yalianza kwenye kilima cha mawe mekundu, wakati wa kurudi. Dalacha alipanda vizuri, halafu sauti yake ikaanza kupungua kama mtu anayeongea huku usingizi unamchukua. Baba akakanyaga mafuta. Wapi. Gari likakohoa, likatikisika mpaka mitungi ikagongana huko nyuma, likazima. Ukiwahi kusikia kimya cha barabara ile gari likishazima, hukisahau: upepo kwenye kioo, chuma kinachopoa kikilia ti, ti, ti, na maji ya rejeta yakidondoka mchangani.

Baba alishuka, akainua boneti, akagusa hiki na kile, akapiga stata. Bado. Akatazama jua, akatandika mkeka, akaswali adhuhuri. Alipomaliza alikunja mkeka, akapiga stata bila hata kutumaini, na Dalacha akawaka mara moja kama ambaye hajawahi kusumbua mtu.

Safari iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Na nyingine tena.

Sasa, mtoto akiachwa peke yake na jambo kama hilo analitafutia maana, na mimi niliipata bila shida. Dalacha alikuwa anasimama kuswali. Ushahidi ulikuwa mwingi. Alikuwa akizima karibu na adhuhuri, na siku tuliyochelewa akazima karibu na alasiri. Alisimama penye kona, pua yake ikielekea kaskazini, upande wa kibla. Boneti ilipoinuka niliona mikono inayoinuliwa kwa takbira. Yale maji yaliyodondoka chini yake, je, yalikuwa nini kama si udhu? Na alikuwa hawaki mpaka Baba atoe salamu kulia na kushoto, jambo ambalo kwangu lilikuwa wazi kabisa: walikuwa wanaswali jamaa, Baba akiwa imamu.

Sikumwambia mtu. Nilishikwa na heshima ambayo siwezi kuieleza vizuri hata leo. Unakaa ndani ya chuma kikubwa chenye kutu, unanuka dizeli na maziwa, halafu unagundua kwamba kile chuma kinamjua Mungu. Nilikuwa nikipanda navua viatu. Baba akianza kuhangaika na spana, mimi nilikuwa nimeshamletea mkeka, na macho yangu yakimwambia asipoteze wakati. Alidhani nimeanza kushika dini, akafurahi, akamwambia Mama, na Mama akanishonea mtandio mpya.

Lakini maziwa hayakuwa na dini. Mama alikuwa na meza yake sokoni pamoja na wauzaji wenzake, na sisi tulipochelewa nilimwona kutoka mbali akiwa amesimama, mkono juu ya macho. Alifungua kifuniko cha mtungi wa kwanza, akanusa, akamimina kidogo kwenye kiganja, akaonja. Nilijifunza kusoma uso wake wakati ule anapoonja.

"Imeenda," alisema.

"Yote?" Baba akauliza.

"Hii imeenda. Hii inaenda. Hii ikae uone."

Wateja wake walitaka maziwa matamu ya chai na ya wagonjwa. Walikuja, wakatazama, wakasema, "Leo tena, mama?" wakaenda meza ya jirani. Mama hakugombana nao. Alikaa na mitungi yake, akafunga na kufungua kifuniko kilekile.

Kule manyatta nako waliudhika. Siku moja mama mmoja mrefu, ambaye ndiye aliyewasemea wenzake, alishika mlango wa Dalacha Baba asiweze kuufunga. "Galgalo," alisema, "sisi tunaamka na ngamia. Maziwa yetu sio ya kugandishiwa kwa barabara. Ikichacha tena, tutapatia ile pikapu nyeupe. Usikasirike."

"Sikasiriki," Baba akasema.

"Na huyu mtoto mbona amevua viatu?"

Baba akanitazama miguu. Nikaivuta chini ya nguo.

Jioni moja tukila, Baba alisema jambo lile huku anatazama sahani. Kaka yake yuko Sericho na ngamia. Amemwita mara nyingi. Gari likikataa, atauza, ataenda kukaa na ngamia mpaka mambo yakae sawa. Mimi nilijua Sericho ni nini. Baba wa binamu yangu mmoja alienda huko kwa ajili ya ngamia, na tangu hapo binamu yangu alimwona sikukuu kwa sikukuu, na kila mara ndevu zilikuwa zimebadilika rangi. Siku moja binamu alimwamkia baba yake kama mgeni. Nilitazama ndevu za Baba, zilikuwa nyeusi zote, nikasukuma sahani yangu.

Mnunuzi hakuwa wa kutafutwa. Alikuwa Abti Warsame, kaka mkubwa wa Mama. Abti ni mjomba kwa Kisomali, na kwa Mama ni Wasomali wa Isiolo hii hii, wajukuu wa askari wa zamani, watu wa malori tangu babu. Abti alikuwa ananunua magari yaliyochoka, anayachinja, anauza spea. Alikuja, akazunguka Dalacha mikono nyuma, akapiga teke gurudumu.

"Shemeji," akamwambia Baba, "hii gari ilikufa zamani. Wewe unasafirisha maiti na maziwa pamoja."

"Inawaka," Baba akasema.

"Inawaka! Hata jiko inawaka. Jumamosi nakuja na lori, nakuvutia, unapumzika." Kisha akainama kwangu, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. "Na wewe utapata kiti yake ukalie nyumbani. Sawa, abaayo?"

Abaayo ni dada; ndivyo alivyomwita Mama, na mimi pia. Nilikimbilia ndani. Nilikuwa nimeelewa mambo mawili kwa pamoja: Dalacha atachinjwa akiwa mswalihina, na Baba ataondoka. Nisingeweza kusema lipi liliniuma zaidi, lakini niliomba kwa ajili ya yote mawili, kwa sauti ya chini, ndani ya kabati la nguo.

Alhamisi Baba alimpeleka Dalacha kwa fundi Mutuma. Alikuwa Mmeru mwenye gereji ya mabati karibu na barabara kuu, mnene, mcheshi, na mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwiko kama amevaa glavu. Yeye ndiye aliyekuwa amebadilisha filta mara ya kwanza, akasema ni dizeli chafu, na Dalacha akaenda vizuri safari mbili halafu akarudia ibada yake. Kwa hiyo Mutuma naye alikuwa ameudhika. Alivuta kreti ya soda, akaketi mbele ya gari kama daktari mbele ya mgonjwa.

"Niambieni pole pole. Inazima wapi, inawaka lini. Usiniambie inasumbua. Kila gari ya Isiolo inasumbua."

"Inazima kwa mlima," Baba akasema. "Halafu inawaka."

"Umeifanya nini ndio ikawaka?"

"Nimegusagusa. Nimetoa hewa kwa paipu."

"Ukitoa hewa ndio inawaka?"

Baba akafikiri. "Saa zingine."

Nilimvuta shati. Akainama, nikamnong'oneza, na nilipomaliza alikaa ameinama vile vile kidogo.

"Anasema nini?" Mutuma akauliza.

"Anasema..." Baba alicheka kwa haya. "Anasema inawaka nikimaliza kuswali."

"Murungu!" Mutuma alimwita Mungu kwa Kimeru, akapiga paja. "Basi hii gari imenishinda. Mimi kanisani naenda Krismasi!"

Watu waliokuwa wakingoja magari yao walicheka wote. Nilitamani ardhi inimeze na viatu vyangu. Lakini kicheko cha Mutuma kilikatika katikati, kama redio iliyopoteza betri. Alitoka kwenye kreti akachuchumaa mbele yangu mpaka macho yake yakawa sawa na yangu.

"Ngoja kwanza, mama. Kila mara? Hata kama hajagusa kitu?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Una hakika?"

"Siku moja hakufungua hata boneti," nilisema. Sikuwa nimewahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu asiye wa kwetu. "Aliswali tu. Ikawaka."

Mutuma akamgeukia Baba. "Na wakati wewe unaswali, hii gari inafanya nini?"

"Inafanya nini? Imesimama. Haifanyi kitu."

"Haifanyi kitu," Mutuma akarudia, taratibu, uso wake ukifunguka kama mtu aliyepewa zawadi. "Haifyonzi."

Alichofanya baada ya hapo nakikumbuka kuliko vitu vingi nilivyofundishwa darasani. Alileta ndoo ya maji, akatupa ndani jani kavu. Akachukua kipande cha mpira mwembamba, akanipa, akasema nivute maji kama soda. Nilivuta, maji yakaja. Kisha jani likasogea, likapinda, likaja lenyewe mpaka kwenye mdomo wa mpira, likajibandika. Nikavuta kwa nguvu zote mashavu yakaingia ndani. Hakuna kitu.

"Acha sasa," akasema. "Usivute."

Niliacha. Jani lilikaa, likafikiri, halafu likajiachia na kuelea zake.

"Vuta tena."

Maji yakaja.

Nilirudia mara nyingi, wakubwa wakiongea juu ya kichwa changu, mpaka kifua cha nguo kikalowa. Ndani ya ndoo ile kulikuwa na kilima cha mawe mekundu, na adhuhuri, na Baba akitoa salamu kulia na kushoto. Ninyi mtasema niliumia kujua kwamba Dalacha haswali. Mimi mwenyewe nilingoja niumie. Badala yake nywele zilinisimama. Mtu ambaye hakuwepo, ambaye hakuona lile jua wala ule mchanga, alikuwa ameketi kwenye kreti Isiolo, akaona ndani ya tangi kwa kutumia maneno yangu.

"Bado sijaona," Mutuma alisema, kana kwamba amenisikia. "Nadhani tu kuna kitu tangini kinavutwa mlimani, kinaziba paipu. Sasa tuulize gari yenyewe."

Aliichomoa paipu inayotoka tangini, akaiacha ining'inie, na mahali pake akaunga mpira mwingine. Akajaza dizeli safi kwenye chupa kubwa ya soda, akaifunga kwa waya kwenye boneti, akautumbukiza mpira ule ndani. Baba akapiga stata, Dalacha akawaka. Akamkanyagia mafuta mpaka mabati ya gereji yakatetemeka. Nikaona dizeli ikishuka ndani ya chupa, na vipovu vidogo vikipanda. Gari zima, lenye chuma chote kile, lilikuwa linanyonya chupa kama mtoto! Tuliingia tukatoka nalo mpaka karibu na kambi ya jeshi, tukapanda mwinuko, tukarudi, watu wakitazama chupa iliyofungwa mbele na kuulizana. Halikukohoa hata mara moja.

"Mbele ni mzima," Mutuma alisema, akipangusa mikono. "Roho yake ni nzima, mapafu ni mazima. Ugonjwa uko tumboni."

Wakafungua tangi kutoka chini, wakamwaga dizeli kwenye karai kupitia kitambaa cheupe. Kitambaa kikaanza kubaki na kitu. Vilikuwa vipande vyeusi, vyembamba, vingine kama ukucha, vingine kama unga. Mutuma alivisugua kwa vidole. Si kutu, alisema, kutu ni nyekundu na inakwaruza. Si mpira, mpira unavutika. Rangi? Hakuna rangi nyeusi ndani ya tangi. Alivinusa, akaona dizeli tu, kwa sababu mwili wake wote ulikuwa dizeli.

"Hiki kitu kinatoka wapi?" akauliza, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana hajui. "Nikiosha leo bila kujua kinatoka wapi, kitarudi. Nitakuwa nimekufukuzia nzi tu."

Baba alisimama mikono kiunoni. Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

Hapo ndipo Mama alipoingia na chakula chetu cha mchana kwenye hotipoti, mtandio umefunikwa vumbi, maana alikuwa ametembea kutoka sokoni. Alisalimu, akauliza mgonjwa anaendeleaje, akaona kile kitambaa. Aliinama. Sijui ni kwa nini, nadhani ni mazoea tu ya mtu ambaye kazi yake ni kunusa kila kitu kabla hajakiuza: alichukua kipande kimoja, akakisaga kati ya vidole, akakipeleka puani.

Uso wake ukawa ule uso wa kuonja maziwa.

"Hii ni ejersa," alisema.

"Ni nini?" Mutuma akauliza.

"Ni moshi wangu."

Hakuna aliyeelewa, mpaka alipogeuka akaelekeza kidole kwenye mtungi wa njano nyuma ya Dalacha, ule ambao Baba alibebea dizeli ya akiba kwa sababu huko tunakoenda pampu ni za kubahatisha. Ulikuwa mtungi wa maziwa hapo zamani. Ulipopasuka mpini Mama alimpa Baba. Na kwa kuwa ulisafiri umebanana na mitungi ya maziwa, na maziwa ni kitu kinachonyonya harufu ya jirani yake, Mama alikuwa na njia yake. Kila ukirudi mtupu aliuosha kwa sabuni na maji ya moto, akaukausha, halafu akaufukiza pamoja na mingine, kwa vijiti vile vile, akauziba moshi ukalala ndani, kama alivyofundishwa na nyanya yangu mzaa baba. Hata zaidi ya mingine, alisema, ili dizeli isahau kwamba ni dizeli.

Moshi ukapaka ndani ya mtungi koti moja, likakauka, likaja jingine juu yake. Maziwa hayaling'oi koti lile, ndiyo maana sisi hunywa maziwa yenye ladha ya moshi na hatuoni kitu cheusi. Dizeli ililing'oa. Ililimenya maganda maganda na kuingia nayo tangini, safari baada ya safari.

Mutuma alikuwa amefungua mdomo. "Mama Talaso. Umewasha moto ndani ya mtungi wa dizeli?"

"Nimeuosha kwanza!"

"Umeuosha kwanza," akarudia, akaketi kwenye kreti yake kwa nguvu. "Murungu. Nimeona maji kwa dizeli. Nimeona mchanga. Nimeona hata panya. Dizeli ya kufukizwa, hii ndio mara yangu ya kwanza."

Mtu mmoja akaanza kucheka, kisha wote, isipokuwa Mama. Yeye alikuwa anatazama kitambaa. Nadhani aliona yote kwa mkupuo: wateja waliohamia meza ya jirani, lori la kaka yake, Sericho. Mikono yake, ambayo mimi sijawahi kuiona ikikosa kazi, ilikuwa imelala tu juu ya hotipoti.

Baba alisogea akasimama karibu naye. Nilingoja aseme kitu kikali. Ningekuwa mimi ningesema.

"Ulitaka maziwa isinuke," alisema.

"Ningetaka nini kingine?"

"Basi." Akafungua hotipoti. "Mutuma, njoo ukule kwanza. Hata hii imefukizwa."

Hapo Mama alicheka, akajifuta macho na ncha ya mtandio, akasema tumejaa ujinga sisi wote.

Walitia kokoto na dizeli ndani ya tangi, wakalitikisa wawili wawili mpaka jioni, wakamwaga, wakatia tena, mpaka kitambaa kikabaki cheupe. Mutuma alipuliza paipu kwa mdomo, akaniambia nitege sikio upande wa pili, nami nikahisi pumzi yake ikinipita shavuni, baridi, bila kikwazo. Filta mpya ikaingia. Mtungi wa njano haukurudi garini, na Baba alinunua debe la chuma ambalo Mama aliapa hatalisogelea na kijiti.

Ijumaa Mutuma alimaliza kufunga kila kitu. Jumamosi alfajiri tukaondoka.

Kule manyatta yule mama mrefu alisita kabla ya kutukabidhi mitungi. Pikapu nyeupe ilikuwa imeegeshwa pale pale, dereva wake anakunywa chai. Alimtazama Baba, akamtazama Dalacha, akanitazama mimi miguuni; nilikuwa na viatu. "Hii ndio ya mwisho, Galgalo," alisema, akampa.

Kilima cha mawe mekundu tulikifikia jua likiwa kali. Baba alikamata usukani kwa mikono miwili. Mimi nilibana pumzi, na nikaona na yeye amebana yake. Dalacha akaanza kupanda. Nilijua sasa kuna nini humo ndani: niliona kwa akili dizeli ikitoka gizani, ikipita paipu ambayo mimi nimesikia upepo wake, ikipita filta, ikifika mbele, na hakuna jani lolote linaloifuata. Sauti haikupungua. Mawe mekundu yakapita dirishani, moja baada ya jingine, yakaisha, ukaja upande wa pili wa kilima, ambao kabla ya hapo siku zote nilikuwa nimeuona nikiwa nimechoka kungoja. Sikujua ni mzuri vile. Ulikuwa wazi mpaka milimani, na barabara iliteremka katikati yake bila mtu.

Baba alipumua. "Umeona?" alisema.

Nilikuwa nimeona. Mpaka leo kitu kikikataa, iwe ni hesabu au ni mtu, huwa najiuliza kinaacha wapi na kinaanza tena lini, kabla sijakipiga teke. Sina ujasiri wa kuwaambia watu hivyo. Lakini nilikuwa nimeona wakubwa wakilifuata jambo wasiloliona, kipande kwa kipande, bila kumfokea mtu, mpaka wakafika mahali lilipoanzia, na mahali penyewe palikuwa mikono ya mama yangu.

Tulipoingia sokoni lori la Abti Warsame lilikuwa limeshafika. Dereva wake alikuwa amefunga kamba ya kuvutia nyuma, nene kama mkono wangu, ncha yake imelala chini ikingoja. Abti mwenyewe aliketi mezani kwa Mama, kofia kichwani, akichezesha funguo.

"Imekuja kwa miguu yake," alisema. "Nzuri. Tutaokoa dizeli."

Baba alishusha mtungi wa kwanza, akauweka mbele ya Mama. Mama akafungua kifuniko, akanusa. Akamimina kidogo kwenye kiganja, akaonja. Nilitazama uso wake, na Baba naye aliutazama, na nadhani hata Abti, maana funguo zilinyamaza.

Mama alichukua kikombe cha bati, akakijaza mpaka juu, akampa kaka yake kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni.

Abti alikunywa kidogo, kwa tahadhari, mdomo wake umejiandaa kwa uchachu. Akasimamisha kikombe. Kisha akakiinua akanywa chote bila kupumzika, koo lake likipanda na kushuka, akafuta masharubu, akamtazama Dalacha kwa muda mrefu kuanzia taa mpaka magurudumu.

"Waryaa!" alimwita dereva wake bila kugeuka. "Kunja hiyo kamba."

Halafu akamsogezea Mama kikombe.

"Ongeza, abaayo."